Utelezi Unaotembea: Ushauri kwa Wenye Matangi, Vyombo, Vizimba na Mashamba ya Mwani

Utelezi unaoota ndani ya simtanki, kwenye ngazi za saruji zisizokauka, katika mbao za mashua iliyokaa majini muda mrefu na juu ya kamba za wakulima wa mwani huhesabiwa na watu wengi kuwa ni uchafu tu, kitu kisicho na uhai kinachojipaka popote penye maji, na kwa sababu hiyo tiba yake hudhaniwa kuwa ni nguvu za mikono, brashi ngumu na dawa kali. Dhana hiyo hupoteza jasho jingi na fedha nyingi. Sehemu kubwa ya utelezi huo ni makazi ya viumbe hai wa seli moja moja ambao hujongea, huhisi mwanga, hutua mahali panapowafaa na kujishikiza kwa hatua zinazofuatana, na kila hatua ina udhaifu wake. Anayezifahamu hatua hizo hugundua kwamba swali la kwanza si nguvu gani itumike, bali ni lini utelezi uondolewe na ni kitu gani kiliualika.

Kwa mtu wa pwani neno mwani humaanisha kwanza majani ya baharini yanayoonekana kwa macho, yale yanayolimwa Paje na Jambiani na yale yanayotupwa ufukweni na mawimbi, lakini wanabiolojia hulitumia pia kwa viumbe vidogo mno ambavyo mwili wao wote ni seli moja, yaani chumba kimoja cha uhai chenye kiini, utando wa nje na mitambo yote ya kujilisha. Viumbe hawa hujitengenezea chakula kwa usanisinuru, ile kazi ya kutumia mwanga kuunganisha maji na hewa ya kaboni kuwa sukari, na ukubwa wao hupimwa kwa mikrometa, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Seli ya Chlamydomonas, mwani wa kijani unaoishi katika maji baridi na udongo wenye unyevu, ina upana wa mikrometa 10 hivi, kwa hiyo seli 100 zikipangwa kwenye mstari hutimiza milimita moja tu. Daiatomu, ambazo ni mwani wa rangi ya kahawia inayokaribia dhahabu, nyingi zina urefu wa kati ya mikrometa 2 na 200. Wapo pia sianobakteria, ambao kwa sura hufanana na mwani na hufanya usanisinuru, ila kwa nasaba ni bakteria. Baadhi yao hutoa sumu, nao watazungumzwa mahali pao.

Ili mwendo wa viumbe hawa ueleweke, ni lazima kwanza msomaji aiweke kando picha ya mwogeleaji wa kawaida. Mtu akijisukuma majini na kisha akatulia, mwili wake huendelea kuteleza mbele kwa kitambo, kwa kuwa uzito wake huhifadhi mwendo. Kwa seli yenye upana wa mikrometa 10 mambo ni kinyume kabisa: unata wa maji huizidi nguvu seli hiyo kiasi kwamba maji huwa kwake kama asali nzito ilivyo kwa mtu, na pale inapoacha kupiga kasia husimama papo hapo. Mwanafizikia Edward Purcell alilieleza jambo hili katika makala yake ya mwaka 1977 ambayo hadi leo husomwa na kila anayeanza kuchunguza mwendo wa viumbe vidogo, naye alionyesha kwamba katika hali hiyo kupiga kasia mbele na kulirudisha nyuma kwa njia ileile hakumpeleki kiumbe popote, kwa sababu kila hatua anayoipata huipoteza anaporudi.

Chlamydomonas imelitatua tatizo hilo kwa mijeledi miwili, yaani nyuzi mbili nyembamba zinazotoka mbele ya seli, ambazo hunyooka zinapovuta maji kuelekea nyuma na kujikunja karibu na mwili zinaporudi mbele, mfano wa mikono ya mtu anayeogelea kifudifudi. Kwa kuwa njia ya kwenda si njia ya kurudi, seli husonga. Mapigo hayo hufika takriban 50 kwa sekunde, na mwendo huwa wa mikrometa 100 hivi kwa sekunde, sawa na urefu wa mwili wake mara kumi. Seli hujizungusha kama pia huku ikienda, na ubavuni ina doa dogo la rangi ya chungwa liitwalo doa la jicho, ambalo huzunguka pamoja nayo na kupima mwanga kila upande, hata seli ikajua jua liko wapi na kuelekea huko, au kulikimbia likiwa kali kupita kiasi. Hii ndiyo sababu dumu jeupe likiwekwa karibu na dirisha kwa siku kadhaa, rangi ya kijani mara nyingi hujikusanya upande mmoja badala ya kuenea sawasawa.

Jambo linalompasa mwenye tangi kulishika zaidi ni kwamba mijeledi hiyohiyo ya kuogelea ndiyo pia mikono ya kujishikiza. Seli inapofika kwenye uso mgumu huacha kupiga kasia, huitandaza mijeledi yake miwili kuelekea pande tofauti na kuilaza juu ya uso huo, kisha hunata kwa protini zenye sukari zilizo kwenye utando wa mijeledi. Baada ya hapo huweza kuteleza polepole, mikrometa 1 au 2 kwa sekunde, na kinachoivuta ni mfumo wa uchukuzi ulio ndani ya mjeledi wenyewe, ambamo mizigo ya protini husafirishwa kwenda ncha na kurudi. Mfumo huo uligunduliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa kuchunguza mwani huuhuu, na baadaye ikabainika kwamba uko katika seli za wanyama pia, akiwamo binadamu. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Göttingen, Ujerumani, walichapisha matokeo yaliyoongeza jambo jipya: Chlamydomonas hujishikiza pale inapopata mwanga wenye sehemu ya buluu, na ikiwekwa katika mwanga mwekundu pekee hujiachia na kuelea tena. Kwa maneno mengine, mwanga hauilishi seli tu, bali pia huiambia wakati wa kutia nanga.

Haitakuwa sahihi kwa mtu kuyachukua matokeo hayo na kununua taa nyekundu kwa ajili ya kusafishia tangi lake, kwa kuwa yalipatikana katika maabara kwa mwani wa jamii moja, na utelezi wa tangi ni mchanganyiko wa viumbe wengi wenye tabia mbalimbali. Ushauri unaotokana nayo ni mwepesi zaidi na hauhitaji gharama: kizuizi cha kwanza cha utelezi wa kijani ni giza. Simtanki jeusi lisilopitisha nuru, lenye mfuniko unaofunga barabara, huzuia usanisinuru na hunyima seli ishara ya kutua, ilhali tangi jeupe au la buluu iliyopauka, likikaa juani juu ya paa, huwa shamba. Aliye na tangi la aina hiyo anaweza kulijengea kivuli, kulizungushia turubai au kulipaka nje rangi nzito isiyopitisha mwanga, na madumu ya maji yahamishwe kutoka barazani kwenda pembe ya ndani yenye giza. Mahali pasipoangaliwa mara nyingi ni mabomba ya plastiki meupe yanayoingia tangini na tundu la juu ambalo mfuniko wake umepasuka, kwa maana nuru inayopita katika ufa mdogo inatosha kulisha utelezi unaoshuka ukutani kufuata mwanga huo.

Tangi lililokwisha kuota linahitaji kusafishwa kwa mpangilio, na mpangilio huo haupaswi kupinduliwa. Seli zilizojishikiza hujifunika kwa uteute, yaani ute mzito wa sukari zilizoungana katika minyororo mirefu, na uteute huo huwahifadhi pia bakteria wanaoishi humo, hivyo dawa ya klorini ikimwagwa kabla ya kusugua, sehemu yake kubwa huishia kupambana na uteute wa juu na kupungua nguvu kabla ya kufika chini. Kwanza maji yatolewe, kuta zisuguliwe kwa brashi ya nailoni au kitambaa kigumu, uchafu utolewe wote, kisha ndipo dawa itiwe. Lita 1 ya dawa ya klorini isiyo na manukato na yenye nguvu ya asilimia 5, ikichanganywa na maji lita 1,000, hutoa miligramu 50 za klorini katika kila lita, kiwango kinachofaa kwa kutakasa tangi na kisichofaa kabisa kwa kunywa. Maji hayo yaachwe kwa saa 24, yamwagwe mbali na bwawa la samaki au kijito, na tangi lisuuzwe kwa maji safi kabla ya kujazwa. Chuma cha kukwarulia na steelwool viepukwe, kwa kuwa mikwaruzo inayobaki kwenye plastiki ni mabonde ambamo seli zijazo zitajificha brashi isizifikie. Siki au maji ya ndimu hufaa kuondoa gamba la chokaa linaloota kwenye bomba na kuufanya uso wake ukwaruze, lakini visichanganywe kamwe na klorini, maana hutoa gesi yenye sumu. Wala mtu asiingie ndani ya tangi peke yake bila mwenziwe wa kumwangalia kutoka nje.

Hapa ndipo pa kuwakumbuka sianobakteria. Utelezi wa kawaida wa kijani au wa kahawia kwa kawaida si sumu wenyewe, ubaya wake ni kuhifadhi vijidudu na kuyapa maji ladha mbaya, lakini baadhi ya sianobakteria, wakiwamo wale wanaofunika maji ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria kwa utando unaofanana na rangi ya kijani iliyomwagika, hutoa sumu ya ini iitwayo maikrosistini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Maji yenye utando wa namna hiyo yasichotwe kwa kunywa, kupikia wala kunyweshea mifugo, hata kama yatachemshwa kwa muda mrefu namna gani.

Chlamydomonas huogelea ndipo ikanata. Daiatomu, ambazo ndizo mabingwa wa kunata katika maji ya chumvi na ya baridi, hazina mijeledi katika maisha yao ya kila siku, na hata hivyo hutembea. Kila daiatomu imejifungia ndani ya ganda la silika, madini yaleyale yaliyo katika kioo na mchanga, na ganda hilo lina vipande viwili vinavyoingiana kama kijaluba na mfuniko wake, huku kuta zake zikiwa zimechongwa matundu madogo kwa mpangilio ambao chini ya hadubini huonekana kama kazi ya fundi wa milango ya Lamu. Daiatomu za mviringo kwa kawaida huelea tu, lakini nyingi za zile ndefu, zenye umbo la mtumbwi, zina mfuo mwembamba unaopita katikati ya ganda kwa urefu, na mfuo huo ndio siri ya mwendo wao. Kupitia humo seli hutoa nyuzi za uteute ambazo ncha zake hunata kwenye uso wa nje, ilhali upande wa ndani nyuzi hizo huunganishwa na protini iitwayo miosini, inayotembea juu ya kamba za protini nyingine iitwayo aktini zilizotandazwa chini ya mfuo. Jozi hiyo ya miosini na aktini ndiyo ileile inayokaza misuli ya binadamu. Miosini inapovuta kuelekea nyuma, na uteute ukiwa umeng'ang'ania chini, ganda lote husukumwa mbele, kama baharia anayetembea juu ya sitaha akisukuma upondo uliogota mchangani na mashua ikasogea chini ya miguu yake.

Maelezo haya yalipendekezwa mwaka 1984 na wanasayansi Lesley Edgar na Jeremy Pickett-Heaps, na mwaka 1999 watafiti wengine walionyesha kwamba dawa inayovunja kamba za aktini husimamisha daiatomu, na ikiondolewa mwendo hurudi. Kasi yao huwa kati ya mikrometa 1 na 25 kwa sekunde, huenda mbele na kurudi nyuma bila kugeuka, na nyuma yao huacha njia ya uteute ambayo wengine huifuata au kunatia juu yake. Basi uteute huo ni miguu, ni gundi na ni barabara kwa wakati mmoja, na hapo pana fundisho kwa yeyote anayesafisha: uso uliowahi kutembelewa na daiatomu, hata kama zenyewe zimekufa au zimehama, umekwisha kuandaliwa kwa ajili ya nyingine.

Kutua kwao hufuata utaratibu unaoweza kusimuliwa kwa siku. Kitu chochote kikitumbukizwa majini, dakika za mwanzo hufunikwa na tabaka jembamba la protini na sukari zilizoyeyuka majini. Katika saa zinazofuata hufika bakteria. Kisha, kwa muda wa siku chache, daiatomu zinazoletwa na mkondo huanguka juu yake bila hiari. Daiatomu iliyoanguka kwa ubavu hujigeuza hadi mfuo wake uguse uso, hunata kwa gundi ya awali inayoweza bado kuachia, na huanza kutembea kutafuta mahali pazuri zaidi. Katika kipindi hiki kunata kwake kunahitaji madini ya kalsiamu yaliyo majini, na kitambaa laini kinatosha kuiondoa. Baadaye, baada ya kuridhika na mahali, jamii nyingine hujijengea mashina ya uteute mfano wa mnazi mdogo, kama zifanyavyo Achnanthes na Gomphonema, na nyingine kama Cocconeis hujilaza bapa na kujigandisha kwa uso wake mzima, kiasi kwamba brashi hupita juu yao bila kuwang'oa. Ndipo juu ya zulia hilo huja mbegu za mwani mkubwa na viluwiluwi wa wanyama wenye maganda magumu. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 2002 kwamba mbegu zinazoogelea za mwani wa kijani wa baharini uitwao Ulva huvutiwa na kemikali ambazo bakteria wa utelezi hutumia kupeana habari, na kwa hiyo zulia lililopo huweza kumwita mgeni ajaye.

Kutokana na utaratibu huo, kufuta kidogo kila baada ya siku chache, kabla ya mashina kujengwa, huleta matokeo ambayo kusugua kwa nguvu mara moja kwa miezi mitatu hakutayafikia. Kumwagia maji kwa mpira nako husaidia kidogo tu, kwa sababu kando ya kila uso mgumu kuna tabaka jembamba la maji ambalo karibu halisongi hata maji ya juu yake yakienda kasi, na daiatomu yenye kimo cha mikrometa chache huishi ndani ya tabaka hilo kama mtu aliyejikinga na upepo nyuma ya ukuta. Ni lazima kitu kigumu kiguse uso. Tena mtu asidanganywe na ulaini wa plastiki au silikoni mkononi mwake, kwa maana daiatomu nyingi hunata vizuri zaidi juu ya nyuso zinazokataa maji, na rangi za silikoni zinazowaangusha wanyama wenye maganda pindi chombo kinapokwenda kasi mara nyingi hubaki na utelezi wa daiatomu.

Kwa wenye vyombo, suala hili ni la mafuta ya injini. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2007 na mhandisi Michael Schultz wa Marekani kuhusu meli ya kivita zilionyesha kwamba utelezi peke yake unatosha kuongeza nguvu inayohitajika kwa takriban asilimia 10 au zaidi, na maganda magumu yakiota kwa wingi ongezeko hufika asilimia 86. Dawa iliyotegemewa na meli kubwa zamani, rangi yenye tribiutiltini, ambayo ni kemikali ya bati, iliwatia kasoro chaza wa Arcachon nchini Ufaransa na kuwafanya konokono wa kike wa baharini waote viungo vya kiume, hata mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika tarehe 17 Septemba 2008, ukaipiga marufuku katika meli. Rangi za shaba zilizochukua nafasi yake hufanya kazi nzuri dhidi ya wanyama, lakini baadhi ya daiatomu, hasa za jamii ya Amphora, huvumilia shaba na ndizo huwa za kwanza kuota juu ya rangi hiyo. Mwenye boti aliyepaka rangi ghali na bado akaona utelezi wa kahawia asidhani ameuziwa rangi bandia, wala asiongeze mipako juu ya mipako. Aufute kwa sifongo laini mapema, kwa maana kukwangua rangi hiyo kwa nguvu humwaga sumu majini na kuimaliza kabla ya wakati.

Mabaharia wa mwambao walilitambua hili bila hadubini. Majahazi na mashua yalipandishwa pwani wakati wa bamvua, yakalazwa ubavu maji yalipokupwa, yakakwanguliwa na kuchomwa kwa moto wa makuti, kisha yakapigwa deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Desturi hiyo inastahili heshima ya kisayansi, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila silaha inayojulikana leo: kukausha, joto, ukali wa chokaa usiozipendeza seli, na tabaka linalolika polepole na kuondoka pamoja na kilicholishikilia. Aliye na mbao na fundi anayeijua kazi hiyo hana sababu ya kuiacha. Kinachopaswa kukomeshwa ni kupaka chini ya chombo oili chafu ya magari, ambayo huyaharibu maji ya kuvulia bila kuzuia daiatomu kwa muda wa maana.

Katika vizimba vya samaki vya Ziwa Victoria hatari haiko katika utelezi wenyewe bali katika macho ya wavu, ambayo huzibwa taratibu hadi maji mapya yenye oksijeni yashindwe kuingia na kinyesi kishindwe kutoka, na dalili ya kwanza mara nyingi ni samaki kukusanyika juu alfajiri wakihema. Mfugaji mwenye nyavu mbili za kubadilishana ana nafuu kubwa, kwa sababu wavu unaotolewa na kuanikwa juani hadi ukauke kabisa hupoteza karibu seli zote zilizomo, na utelezi uliokauka hupukutika kwa kupigwapigwa bila dawa yoyote; wavu uliokauka nusu tu hurudi majini na uhai wake. Salfeti ya shaba isitumike kizimbani wala bwawani kwa kukisia, kwa kuwa katika maji yenye chokaa kidogo kiasi kinachoua mwani hukaribia kile kinachoua samaki, na mwani mwingi ukifa kwa pamoja huoza na kula oksijeni iliyobaki. Tena si kila utelezi ni adui. Sato hula kwa furaha utelezi ulioota juu ya vitu, na wavuvi wa mabwawa ya pwani nchini Benin wamekuwa tangu zamani wakichomeka matawi majini, mtindo uitwao acadja, ili utelezi uote na samaki wajikusanye. Mfugaji wa bwawa la udongo asiye na fedha za chakula cha kutosha anaweza kuchomeka mianzi kwa mtindo huo na kupunguza gharama yake.

Wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba, wengi wao wanawake, wamekabiliana na utelezi huu tangu kilimo cha kibiashara kilipoanza mwaka 1989. Daiatomu hazili mwani unaolimwa, lakini uteute wao hunasa vumbi la matope, hupunguza mwanga unaofika kwenye jani na huandaa kitanda cha nyuzi za mwani mwingine zinazong'ang'ania baadaye. Kuzitikisa kamba kila maji yanapokupwa na shamba kufikika, tangu juma la kwanza baada ya kupanda, ni kazi ndogo yenye faida kubwa kuliko kuchambua nyuzi wakati wa kuvuna. Kamba za zamani zianikwe juani hadi zikauke kabla ya kufungwa mbegu mpya. Na mahali penye mkondo unaotembea pachaguliwe badala ya kidimbwi kilichotulia, hata kama kidimbwi hicho kiko karibu zaidi na nyumbani.

Kwa walimu na wanafunzi wa pwani, viumbe hawa wanaweza kuonekana kwa gharama ndogo sana. Kioo cha hadubini kikifungwa uzi na kuning'inizwa majini kwa juma moja hurudi na daiatomu zilizojishikiza zenyewe. Njia nzuri zaidi iko kwenye matope ya mikokoni: maji yanapokupwa mchana, uso wa tope hupata mng'ao wa dhahabu ndani ya muda mfupi, kwa kuwa daiatomu zilizokuwa zimejificha chini hupanda kufuata nuru, na hushuka tena kabla maji hayajarudi. Hata tope likichukuliwa na kuwekwa mahali pasipofikiwa na maji ya bahari, kupanda na kushuka huko huendelea kwa siku kadhaa, kana kwamba seli zinabeba saa yao ya maji ndani yake. Uteute wao huyashikamanisha matope hayo yasichukuliwe na mawimbi, na hapo hakuna anayepaswa kuusafisha. Kipande cha karatasi ya shashi kilowanishwe kwa maji ya bahari na kulazwa juu ya tope lenye mng'ao huo, kiachwe kwa saa moja hivi bahari ikiwa bado mbali, kisha kiinuliwe taratibu kwa kibano. Seli zitakuwa zimepenya na kupanda juu yake, na kikisuuzwa katika tone la maji chini ya hadubini, zitaonekana zikipishana kama ngalawa bandarini, kila moja ikienda mbele, ikisita, na kurudi kinyumenyume kwa njia iliyojia.